Vichwa vya jigi: rangi yangu haibanduki tena

Jigi ni chambo bandia cha kuvulia: kichwa cha risasi, ile metali nzito, kilichosubiwa kwenye ndoana, na manyoya nyuma yake. Kila niliyemuuliza namna ya kupaka rangi vichwa hivyo alinipa jibu lile lile: paka rangi ya kucha, funga manyoya, tupa majini. Ushauri huo umenichosha. Rangi ya kucha inapendeza ukiwa barazani. Ikigonga mwamba mara mbili tatu inabanduka vipande vipande. Wapo wanaosema samaki kama kolekole hajali rangi. Mimi najali, na kazi ya mikono yangu nataka ikae.

Vichwa ananisubia mzee mmoja mvuvi hapa Tanga, vya gramu 10 hadi 30, ndoana ikiwa ndani tayari. Anasubu vizuri, ila kalibu lazima iache mshono. Mabaki nayakata kwa koleo, mshono naupitishia tupa laini, kisha msasa uliolowa maji. Yote haya nafanyia nje, maana vumbi la risasi ni sumu na nyumbani kuna watoto wadogo.

Halafu siki, dakika chache tu, na mswaki wa zamani. Hapa ndipo rangi inaposhika au kukataa, na hakuna aliyeniambia. Risasi ikikaa inavaa utando wa kijivu, na ukipaka juu ya utando, umepaka utando, si risasi. Suuza kwa maji mengi, kausha kabisa, paka siku hiyo hiyo. Usikiguse kichwa kwa vidole tena, shika ndoana kwa koleo, kwa sababu mafuta ya mkono nayo yanaharibu. Maji ya siki yaliyotumika yana risasi ndani; yasimwagwe kwenye mchicha.

Rangi ninayotumia ni ya unga, kama ile ya fremu za madirisha ya alumini. Nilikwenda karakana kuomba mabaki, fundi akanijazia kopo la maziwa kwa hela isiyofika sahani ya chipsi mayai. Ya kwanza chukua nyeupe.

Kazi ni joto. Jamaa mmoja alinishikilia kwamba mshumaa unatosha. Hautoshi: unaacha masizi, na nyeupe inatoka ya majivu. Natumia tochi ndogo ya gesi, nakizungusha kichwa pembeni ya moto, si ndani yake. Kujua kama kimefika, nachota unga kidogo kwa ncha ya njiti na kugusisha shingoni, pale patakapofunikwa na uzi. Ukibaki unga, bado. Ukitoa moshi au povu, kimezidi, nakiacha kipoe. Ukilainika taratibu na kuanza kung'aa, ndipo nachovya na kutoa mara moja, bila kukaa. Kopo nalitikisa kwanza mpaka unga uwe mwepesi. Uliogandamana unashika kwa mabonge. Nikikirudisha karibu na moto, ile sura ya vumbi inatoweka na kichwa kinakuwa laini, cheupe, kizuri mno. Sindano naipitisha kwenye kitundu cha ndoana hapo hapo. Ukisubiri rangi ikomae, utatoboa kwa tabu na itapasuka.

Mwisho ni oveni, nyuzi 180 kwa dakika 20, vichwa vimening'inizwa visigusane. Risasi huyeyuka kwenye 327, kwa hiyo nafasi ipo, ila oveni za mtumba vipimo vyake havieleweki. Weka kipimajoto ndani. Yangu ni ndogo ya mezani na haitapikiwa chakula kamwe. Wanaoshauri oveni ya jikoni kwao, "mara moja tu," wasisikilizwe.

Baada ya hapo nafunga manyoya ya shingo ya jogoo na singa za mbuzi, mizunguko ya uzi ikiwa imebanana, na gundi juu. Juzi samaki aitwaye mzia alikitafuna kimoja mpaka meno yakafika kwenye risasi. Mikwaruzo ipo, lakini rangi ya pembeni yake haijanyanyuka hata kidogo, na singa ndizo nilizolazimika kufunga upya.