Siku ya Kupeleka Toleo Jipya Kirinyaga Road

Saa 12 na nusu asubuhi. Matatu imeganda Jogoo Road, Nairobi. Kwenye simu nina ujumbe wa mzee mmoja wa vipuri, Kirinyaga Road: "Kijana, programu imekataa kufunguka." Namjibu kwamba nitapita mchana.

Saa 2. Ofisini. Tunatengeneza programu ya mauzo na stoo kwa ajili ya kompyuta za madukani. Tunaiandika kwa HTML, CSS na JavaScript kama tovuti yoyote, kisha zana iitwayo Electron inaifunga pamoja na Chromium (kivinjari) na Node.js (kiendeshi cha JavaScript nje ya kivinjari), iwe programu ya kompyuta. Electron ilianzia GitHub mwaka 2013, kwa ajili ya Atom, kihariri chao cha kuandikia msimbo. Atom kilistaafishwa 2022, Electron ikabaki. Visual Studio Code na Slack zimejengwa juu yake. Watu huisema kwa unene, na hawasingizii: kila programu inabeba kivinjari kizima. Tauri, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni nyepesi kwa kuwa inatumia kivinjari kilichomo tayari kwenye mfumo. Mimi nataka risiti ionekane vilevile kila duka, kwa hiyo unene naukubali.

Saa 4. Naunda kifurushi cha toleo jipya na kukitia sahihi ya kidijitali, inayothibitisha kwamba kimetoka kwetu. Tangu Juni 2023 ufunguo wa sahihi lazima ukae kwenye kifaa maalumu, na chetu ni kama flashi ndogo inayofungiwa kwenye droo ya bosi. Bosi akichelewa, toleo nalo linachelewa.

Saa 7. Chapati madondo kibandani, haraka haraka.

Saa 8. Kwa mzee. Kijana wake alipakua toleo letu lililotangulia hili la leo kwenye kompyuta ya kaunta, ambayo bado ina Windows 7. Electron iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 kuanzia toleo la 23, mwaka 2023. Kwa mashine kama hizo tunahifadhi nakala ya programu yetu iliyojengwa juu ya Electron 22, ingawa Electron hiyo haipati tena viraka vya usalama. Namwekea kutoka kwenye flashi.

"Ila hii isiingie intaneti, mzee. Ni ya kuuzia tu."

"Na hii mpya je?" Ananisogezea laptopu ya Windows 11. Naweka programu, kioo kinatoa onyo la buluu kwamba Windows imeilinda kompyuta. Mzee anarudi nyuma. "Si hii ni virusi?" Namweleza kwamba sahihi ipo, ila faili jipya huchukua muda kuaminiwa, hadi wengi walipakue. Anataka kuona jina la kampuni yetu kwanza. Nabonyeza maelezo zaidi, analisoma herufi kwa herufi, ndipo ananiruhusu kuendelea.

Katikati ya kuuza pedi za breki za Probox, stima ikapotea. Iliporudi, stoo ilikuwa sawa: data iko humo humo dukani kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, na muamala huandikwa wote au usiandikwe kabisa. Hapa ndipo tovuti tupu ingetuaibisha.

Saa 11. Ofisini tena. Natoa toleo kwa asilimia 10 ya maduka kwanza. Kisasishaji, sehemu ya programu inayoleta matoleo mapya, hupakua vipande vilivyobadilika tu, kwa hiyo bando za watu hazitaisha.

Mzee anapiga simu. Anauliza kama programu inaweza kuingia kwenye simu yake. Namwambia hiyo ni kazi nyingine, na bei nyingine.