Siku moja na dirisha la Kiponda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naingia uchochoroni Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kukarabati dirisha la zamani la bibi mmoja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, chai ipo." Lazima ninywe kwanza, hataki mtu apande ngazi na njaa.

Saa moja tunaishusha nusu duara ya juu ya dirisha: vioo vinane, vyekundu, vya kijani na vya buluu. Kila kimoja nakitia namba, kijana wangu wa kazi anapiga picha. Vikichanganyika, hakuna atakayejua kipi kilikaa wapi.

Kuanzia saa mbili ni kutoa puti tu, ule ugoro unaoshika vioo kwenye fremu. Imekauka kama jiwe, na patasi ukiitia nguvu kioo kinakwenda. Naipasha moto kidogo kidogo, kioo nimekikinga kwa bati, ikilainika naikwangua kwa kisu butu. Hata hivyo namba tatu, chekundu, kikanipasukia mkononi. Nilikaa chini. Vioo hivi vilipulizwa kwa pumzi ya mtu. Ukivitazama kwa ubavu vina mawimbi na vipovu, vya dukani leo havina. Nitakiunga kwa gundi. Ufa utaonekana, na mimi naona bora uonekane kuliko kuweka kingine.

Saa sita jirani anauliza, "Kwa nini msiweke alumini?" Nikamwonesha fremu: msaji mtupu, mchwa hawakuugusa. Pameoza inchi mbili za chini tu, kwa sababu fundi aliyepita alipaka saruji kizingitini. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Saruji ikiziba, maji hukimbilia kwenye mbao.

Baada ya adhuhuri nampeleka kijana Mizingani, kwenye zahanati ya zamani ya mfanyabiashara Tharia Topan, iliyokamilika 1894 na kukarabatiwa miaka ya 1990. Nataka aone vioo vya rangi vikiwa mahali pake. Alikaa ameinua shingo hata nikamwita mara mbili.

Saa tisa natia kiraka cha msaji wa zamani, nimekiunga mshazari maji yasituame. Kisha puti mpya: chaki ya unga na mafuta ya kitani, naikanda kama unga wa chapati mpaka isigande mikononi. Misumari ni ya shaba. Ya chuma huliwa na chumvi ya bahari.

Saa kumi na moja bibi anaomba kushika kioo kimoja kilichooshwa. Akakiinua juani, buluu ikamwagika kwenye kanga yake. Tukaziba uwazi kwa ubao, tukalaza fremu, tukaifunika shuka.

"Kesho tunaanza na kipi?" kijana akauliza.

"Namba tano."