Chuo cha mtandaoni hakina mtu wa kukuuliza umepotelea wapi

Watu wanaojiandikisha chuo cha mtandaoni siku hizi ni wengi na karibu wote swali la kwanza ni lile lile, ninunue laptopu gani. Sio swali baya, ila mi naona ndo jambo dogo kuliko yote, laptopu ya kawaida yenye kamera na maiki zinazofanya kazi inatosha kozi nyingi tu (wa kuhariri video na michoro mna mambo yenu, hamjasahaulika). Kinachoangusha watu onlaini ni kimya. Darasani ukikosa siku mbili tatu kuna atakayekuuliza, na hata ile tu kuona wenzako wanahangaika na makaratasi inakushtua kwamba kumbe kuna kazi ya kukusanya kesho. Onlaini hakuna hicho kitu, unaweza kupotea wiki mbili nzima na siku ukilogin mfumo unakukaribisha vizuri tu kama vile ulikuwepo jana. Kwa hiyo maandalizi, kwangu mimi, ni kujiwekea vitu na watu watakaokuuliza kabla kozi hazijafunguliwa.

Anza na masaa maana hapa ndo watu wanajidanganya sana. Kwa mfumo wa Marekani krediti 1 (kipimo cha ukubwa wa kozi) inahesabiwa kama saa 1 ya kipindi na yasiyopungua masaa 2 ya kazi zako mwenyewe kila wiki, kwa semista ya wiki kama 15 hivi. Yaani kozi ya krediti 3 ni masaa 9 kwa wiki, chukua kozi nne za hivyo umefika 36, hiyo ni ajira kamili bana! Na vyuo vingi vya onlaini vinabana kozi iishe wiki 8, kazi ni ile ile ila muda umekatwa karibu nusu, hivyo kozi moja tu inaweza kukula masaa 17 kwa wiki. Ulaya wana krediti zao zinaitwa ECTS na moja ni kazi ya masaa 25 mpaka 30, mwaka mzima ni krediti 60, piga hesabu mwenyewe. Sasa chukua wiki yako ya kweli, sio ile unayoitamani, ile yenye kazi na foleni na watoto na kuchoka, tafuta hayo masaa yanakaa wapi. Ukikosa pa kuyaweka punguza kozi sasa hivi, usisubiri katikati.

Alafu ukishapata masaa watangazie unaoishi nao. Hili watu wanalipita haraka sana na mi naona ni zito kuliko intaneti, kwa sababu mtu aliyekaa nyumbani na laptopu machoni pa wengine ni mtu asiye na kazi, atatumwa huku, ataitwa kule, "si uko tu hapo". Waambie mapema, Jumanne na Alhamisi jioni kuanzia saa fulani mpaka saa fulani niko chuo, sema hivyo hivyo kwamba uko CHUO, na wewe mwenyewe usiinuke inuke maana ukianza kwenda kuangalia kitu kidogo jikoni wameshajua huna msimamo.

Silabasi ikitoka, siku hiyo hiyo toa kila tarehe uiweke kwenye kalenda ya simu na alamu siku kadhaa kabla. Angalia sana saa za dedilaini ni saa za wapi. Mifumo mingi inafunga 23:59 lakini ni 23:59 ya kule chuo kilipo, ukibadilisha saa kwenye mipangilio inabadilika inavyoonekana kwako tu, dedilaini yenyewe haihami, na kama chuo kiko Ulaya au Marekani kaskazini wengi wao huko wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo unakoishi wewe dedilaini inaweza kuhama saa nzima katikati ya semista bila mtu kukuambia. Na ukiona imeandikwa Ijumaa 12:00 AM jua huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ikiisha na wewe umeisha.

Mfumo wenyewe wa chuo wa masomo, uwe Moodle, Canvas au Blackboard, ingia mara tu unapofunguliwa uzungukezunguke ukiwa huna presha. Washa arifa zije kwenye simu. Jua asainmenti inapakiwa wapi na faili la aina gani linakubaliwa, na kila ukipakia lifungue tena lile lililopo kule uone kama ndo lenyewe, watu wanatuma faili tupu kila siku. Kama mitihani inatumia programu ya kukuzuia usifungue kitu kingine kwenye kompyuta na kamera ikuangalie basi fanya ile kwizi ya majaribio mapema, dakika tano kabla ya mtihani sio muda wa kugundua laptopu inataka kuapdeti.

Video za masomo zina mtego wake. Kwa kuwa zipo muda wote unajiambia nitaangalia baadae, alafu zinakuwa kumi na tano, alafu unaziangalia zote kwa spidi mara mbili usiku mmoja na unahisi umeelewa kila kitu. Hiyo hisia inadanganya. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha majaribio, wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, ila baada ya wiki waliokumbuka zaidi ni wale waliofunga kitabu wakajaribu kukumbuka wenyewe. Kwa hiyo video ikiisha funga kila kitu uandike ulichobaki nacho, ndo uangalie umeacha nini.

Kuhusu watu, wiki ya kwanza tafuta wenzako wawili au watatu wa kozi moja mfungue grupu la WhatsApp. Grupu la watu 200 halikusaidii, kule ni stika na "jamani asainmenti imetoka?" tu, hao watatu ndo watakaoona umekaa kimya wakuulize. Kwenye diskashoni usiandike "nakubaliana na mwenzangu" ukaondoka, hiyo haina maksi na lekchara hakujui. Akiwa na masaa ya kuongea na wanafunzi ingia hata mara moja na swali la kweli, na ukimwandikia imeili weka namba ya kozi juu kabisa na ueleze umeshajaribu nini.

Mambo ya akili bandia soma sheria ya kila kozi kivyake, lekchara mmoja anaruhusu, kwa mwingine ni kesi.

Kitu cha mwisho cha kuingia kwenye kalenda, na wengi hawakijui mpaka kimeshapita, ni tarehe ya mwisho ya kuacha kozi. Kwa kawaida zipo mbili, ya kwanza unatoka bila kozi kuonekana kwenye transkripti (karatasi ya matokeo yako yote) na mara nyingi ada inarudi yote au sehemu, ya pili unatoka ila inabaki alama kwamba ulijitoa. Ya kwanza huwa inakuja mapema sana, kwenye kozi za wiki 8 inaweza kuwa ndani ya wiki ya kwanza tu, kwa hiyo itafute kwenye kalenda ya chuo leo hii na alamu yake iweke siku mbili kabla.