Herufi A ya Shangazi

Idd pili ya mwaka 2022 nilimkuta shangazi yangu dukani, Morogoro, na mimi nilikuwa nimemfuata nyumbani kwanza. Kijana mmoja alikuwa amembembeleza afungue: ana barua ya maombi ya kazi na mwisho wa kuipeleka ni kesho yake. Kwa shangazi hayo ni ya kila siku. Steshenari yake ni chumba kimoja karibu na mahakama. Ndani kuna mashine ya fotokopi, printa, kompyuta mbili, benchi la wateja, na kalenda ya miaka mitatu nyuma ambayo haiondoi ukutani kwa sababu anaipenda picha yake.

Nikamwamkia, nikakaa kwenye benchi kumngoja amalize. Ndipo nikaona. Kila alipofika kwenye herufi A aliunyanyua mkono wote wa kushoto, akaibonyeza kwa kidole cha shahada, kisha akaurudisha mkono mahali pake. Angekuwa mtu mwingine nisingeshtuka, maana wengi wetu tunachapa kwa vidole viwili. Lakini shangazi ni mhazili wa Tabora.

Alisoma Chuo cha Uhazili Tabora enzi za taipureta, vitufe vikifunikwa kitambaa ili macho yabaki kwenye karatasi. Kila kidole kilipewa herufi zake, na hata leo ukimwamsha usiku wa manane atakutajia: kushoto A, S, D, F, kulia J, K, L na nukta mkato. Hati mkato aliifaulu ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mtu wa namna hiyo habadilishi kidole cha kuchapia A bila sababu.

Na vidole vile vinanidai. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Shangazi alikuwa ameshaacha kazi ya ofisini na kununua kompyuta yake ya kwanza, ya mtumba, na ada yangu ya miaka iliyobaki aliilipa kwa kurasa. Wanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walimletea tasnifu zilizoandikwa kwa mkono, wengine wakiwa wamebakiwa na siku tatu tu. Nilikuwa nikilala namsikia anachapa, naamka namsikia anachapa.

"Shangazi, mkono vipi?" nikamuuliza kijana alipoondoka.

"Mkono mzima, baba. Ni hiki cha mwisho tu kimezeeka kabla ya wenzake."

Akanionyesha. Kifundo cha juu kilikuwa kimevimba kidogo na kidole kimepinda kuelekea ndani. Alikuwa ameshakwenda hospitali, akapewa dawa ya kupaka na kuambiwa apumzishe mkono. Akacheka aliponisimulia hilo la kupumzisha.

Usiku ule nilichukua nakala ya ile barua iliyoharibika kwenye printa, nikaanza kuhesabu herufi kwa kalamu. Sentensi ya kwanza tu ilinitosha: *Napenda kuwasilisha maombi ya nafasi ya kazi.* Herufi 38. Kati ya hizo A ni 10. E ni moja.

Nimeishi na lugha hii tangu nizaliwe, nimekuwa nikiandika programu za kompyuta kwa miaka, na jambo hilo sikuwahi kulitazama. Mpangilio wa herufi tunaoutumia asili yake ni Marekani, kwa Christopher Sholes wa Milwaukee, na mashine zake zikaanza kuuzwa na Remington mwaka 1874. Waliotengeneza walikuwa na Kiingereza mbele yao. Katika Kiingereza herufi inayojirudia kuliko zote ni E, na E hupigwa na kidole cha kati, chenye nguvu. Kiswahili kimesimama juu ya A, na A imeangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Mwenzake wa kulia amekalia nukta mkato, alama ambayo shangazi anaweza kumaliza juma zima bila kuihitaji.

Ongeza hapo taipureta. Mashine ile haikuwa na umeme. Nguvu ya kidole ndiyo iliyorusha nyundo ya herufi. Ukichapa na karatasi za kaboni kupata nakala nne au tano, pigo lazima lipenye zote. Shangazi alinisimulia zamani kwamba nakala ya mwisho ikitoka na A hafifu, barua ilirudishwa kwake ichapwe upya. Kwa hiyo alikifundisha kidole kile kupiga kwa nguvu kuliko wenzake, na akaendelea kupiga hivyo hivyo kwenye kibodi za kompyuta zenye mpira chini, ambazo nazo hazipokei herufi mpaka uibonyeze hadi mwisho.

Nikaamua nitamletea kibodi ya swichi.

Kwa asiyezijua: katika kibodi hizo kila kitufe kina swichi yake, kidubwana cha plastiki chenye springi na kijiti ndani, na herufi hupokewa kitufe kikiwa katikati ya safari. Kwenye swichi za kawaida za Cherry, kampuni ya Ujerumani iliyoanza kuzitengeneza miaka ya 1980, kitufe hushuka milimita 4 lakini herufi hupokewa kwenye milimita 2 hivi. Huna haja ya kugonga chini. Swichi hutambulikana kwa rangi: nyekundu inateleza tu na huhitaji kama gramu 45, nyeusi inateleza pia lakini ni nzito, kama 60; ya kahawia ina kinundu ambacho kidole hukihisi njiani; ya bluu ina kinundu na mlio juu yake. Viwanda vya China kama Gateron na Kailh wanatengeneza za mfano huohuo, na rangi nyingi ni zilezile.

Moyoni nilikuwa nimeshamchagulia bluu. Niliona nimempatia: mtu aliyekulia kwenye kelele za taipureta nitamrudishia sauti yake. Ilibaki kuhakikisha tu. Nilikuwa na kibao cha kujaribia, swichi tisa za aina mbalimbali zimepangwa safu tatu, na mwezi uliofuata nikaenda nacho Morogoro.

"Shangazi, nisaidie. Kuna mtu nataka kumchagulia zawadi."

Akakipokea, akakigeuza huku na huku. "Mtu mwenyewe anafanya kazi gani?"

"Anachapa kutwa."

"Ana umri gani?"

"Wa makamo."

"Anakaa peke yake au na watu?"

Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria. Nikasema anakaa na watu. Akafumba macho, akaanza kuzipitia moja moja kwa kile kidole cha mwisho, polepole, kama mama sokoni anayepima ubichi wa bamia. Sikumwambia atumie kidole kipi. Alipofika kwenye bluu akaibonyeza mara mbili, akafumbua macho.

"Hii hapana."

"Si inafanana na taipureta?"

"Inafanana. Lakini sikiliza, baba. Jana alikuja mama hapa, anataka hati ya kiapo kwa ajili ya mirathi. Anaeleza mumewe alivyofariki, sauti iko chini, na benchini kuna watu watatu. Mimi nachapa huku namsikiliza. Kitu kikilia hivi, yeye atapandisha sauti, na benchi lote litasikia. Ofisini kelele zilikuwa zetu wenyewe, tukiwa chumba kizima cha wachapaji. Mtu wako umesema anakaa na watu."

Nikanyamaza. Miaka yote ile nilikuwa nasikia vitufe, watu sikuwasikia. Wanaokuja kwake wengi huja na jambo zito: kiwanja kinauzwa, mtoto amefukuzwa shule, ndugu yuko rumande. Husema kwa sauti ya chini, na yeye huandika.

Nikamuuliza zile zinazoteleza akazionaje. Nyekundu alisema ni nyepesi vizuri lakini haimwambii kitu. "Najuaje kwamba imeshika?" Taipureta ilikuwa ikimjibu, akasema, na jibu lilikuwa hapa: akanigusa ncha ya kidole changu kwa ncha ya chake. Masikio hayakuwa na habari. Basi alichokuwa amekikosa tangu aingie kwenye kompyuta ni kile kidole kuambiwa *imefika*. Alipoikuta ya kahawia akarudi kwayo mara nne.

"Mpelekee hii. Ila kama kidole chake kinauma kama changu, bado ina uzito."

Akanirudishia kibao, akainuka kumhudumia mteja. Kama alishajua mtu mwenyewe ni nani, hakuonyesha.

Niliagiza China kwa wakala wa mizigo: kibodi ya vitufe 87 isiyo na swichi, ile ambayo swichi huchomekwa na kuchomolewa bila kulehemu, pakiti ya Gateron za kahawia, na kumi za aina iitwayo Clear, zinazoteleza, ambazo ni gramu 35. Ile safu ya tarakimu ya pembeni niliiacha makusudi, kwani taipureta haikuwa nayo na namba za hati za viwanja shangazi huzichapa juu bila kutazama. Mzigo ulifika baada ya wiki tatu, nikaufuata Kariakoo.

Uzuri wa kibodi ya kuchomeka ni kwamba hakuna sheria inayosema swichi zote zifanane. Nilijaza kahawia kila mahali, na kwenye A nikaweka ile nyepesi ya 35. Nikaweka vidole vyangu kama alivyonifundisha utotoni, A, S, D, F, nikaanza kunakili ile sentensi ya maombi ya kazi. Kiooni ikatokea *Napaaendaa*. Kidole kikipumzika tu juu yake, uzito wake wenyewe unatosha kuishusha. Na shangazi vidole vyake hupumzika pale siku nzima, ndivyo alivyofundishwa. Ningempelekea hivyo, ningempa kazi mpya ya kuning'iniza kidole kinachouma.

Nilikaa na tatizo hilo siku mbili. Alitaka kinundu, na kinundu ndicho pia kingekizuia kitufe kisishuke chenyewe. Kizito kilichokuwa kinamuumiza ni springi. Basi kwa nini nisichukue springi ya nyepesi nikaitia ndani ya mwili wa kahawia?

Usiku wa Ijumaa nilitandika kitambaa cheupe mezani. Swichi ina masikio manne ya plastiki yanayoshika kifuniko, mawili kila upande. Ukiyapanua kwa ncha ya kibano, kifuniko kinanyanyuka. Ndani kuna kijiti cha kahawia chenye miguu miwili, na ukikitazama chini ya taa utaona kwenye miguu hiyo kale kanundu, kama chembe ya mtama iliyopakatwa, kanakosugua kibati cha shaba na kumpa mtu ule mshtuko mdogo wa kidoleni. Nikatoa springi ya kahawia, nikaiweka upande wa kushoto. Nikafungua nyepesi, nikatoa springi yake, nikaiweka kulia. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na hilo lilinitia hofu nisije nikazichanganya. Ya kwanza iliruka ikapotea chini ya kabati na sijaiona mpaka leo. Ya pili ilikaa. Nikarudisha kijiti, nikakandamiza kifuniko, masikio yakalia *tak*.

Nikaibonyeza kwa kidole cha mwisho cha kushoto. Ilikuwa laini, na ilijibu. Nikapumzisha kidole juu yake nikiwa nasoma habari kwenye simu, dakika kumi nzima. Kiooni hakikuja kitu.

Nilimpelekea Jumapili. Sikumweleza chochote kuhusu A. Nilichomeka waya, nikamwambia ajaribu. Akasogeza kiti, akaweka vidole mahali pake, vyote kumi, akachapa jina lake kamili na la marehemu baba yangu. Mkono wa kushoto haukunyanyuka. Akaacha, akarudi kwenye A peke yake, akaibonyeza mara tatu, nne. Akabonyeza S. Akarudi A.

"Hii umeifanya nini?"

Nikamweleza habari za springi mbili na kitambaa cheupe. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wateja wake, ameinamisha kichwa kidogo, mikono bado iko juu ya vitufe. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Kama mwezi mmoja baadaye alinipigia simu, asubuhi, kabla hajafungua duka. Baada ya salamu ndefu akasema kidole kimepata nafuu kwenye A, lakini sasa ameanza kukisikia mahali pengine. Barua zetu, akasema, zimejaa herufi kubwa: Ndugu, Mheshimiwa, Mahakama, Kijiji, Kata, Morogoro. Herufi hizo zote ni za mkono wa kulia, kwa hiyo kitufe cha kuzikuza anakishikilia kwa kushoto, kwa kidole kilekile. Na kichwa cha habari, ile *YAH* na yote yanayofuata, anakifungia kwa kitufe kilicho kando ya A.

"Kwa hiyo ni mbili, baba, kama springi zimebaki."

Zilikuwa zimebaki nane. Usiku nikatandika kitambaa, na asubuhi nikazifunga swichi mbili kwenye kikopo cha dawa kilichojazwa pamba, nikamkabidhi kondakta wa basi la Morogoro, azishushe stendi ya Msamvu.