Nilivyompata wa kuninadia stempu na sarafu za marehemu baba

Kila nikitaja kwamba stempu za marehemu baba zimeuzwa Ulaya, watu wa hapa Jinja huniuliza swali lilelile: "Kwani hukuibiwa?" Sikuibiwa, na ninajivunia. Ila ushauri niliopewa kabla ya kuanza, lau ningeufuata, leo ningekuwa sina stempu wala senti.

Shemeji yangu alisema niwapelekee vijana fulani wa Kampala, wana akaunti ya eBay, ile tovuti ya minada, mimi nikae nisubiri hela. Jirani akasema nipige picha nizitupe kwenye magrupu ya WhatsApp. Hajji mmoja mwenye duka, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia nizisugue sarafu kwa ndimu na majivu mpaka zing'ae ndipo mzungu atazipenda. Hili la mwisho linaniudhi hadi leo kwa sababu nalisikia kila mahali. Sarafu iliyosuguliwa imekufa. Mkusanyaji akiiweka kwenye mwanga anaona mikwaruzo midogomidogo, na bei inaporomoka hapohapo. Iache na uchafu wake, na ushike ukingo tu.

Baba alikuwa karani wa reli, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kwanza Tororo, baadaye hapa Jinja. Alikusanya stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia zile za mwaka 1935 zenye picha ya Mfalme George V, sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, na bunda la noti za enzi ya Idi Amin. Ndugu zangu walitaka zigawanywe au ziuzwe. Tukakubaliana ziuzwe, kazi nikapewa mimi.

Watu husema "huduma ya mnada" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitu tofauti kabisa. Kuna programu kama Auctiva na Vendio, ambazo wauzaji wa eBay wamezitumia miaka mingi. Hizo hazigusi mali yako. Zinakusaidia kuandaa matangazo mengi kwa mpigo, kuyapangia saa ya kuanza na kuisha, na kujua nani kalipa na nani bado. Kuna mawakala: unamkabidhi mali, anapiga picha, anaandika maelezo, anauza kwa akaunti yake na kukata kamisheni. Kuna tovuti za wakusanyaji wenyewe, kama Delcampe ya Ubelgiji, ambako mtu anatafuta stempu, postikadi, sarafu na vitu vya wakusanyaji tu, hakuna viatu wala simu. Halafu kuna nyumba kubwa za mnada, kama Spink ya London, iliyoanzishwa mwaka 1666, na Heritage ya Dallas, ya mwaka 1976.

Wengi huanza kwa kuuliza kamisheni ni asilimia ngapi. Mimi niliuliza pia, lakini niligundua mapema kwamba si hapo pa kuanzia. Mnunuzi aliye Leeds au Lyon haoni stempu yako. Anaona picha, na anasoma maneno. Maneno yakiwa ya uongo, atairudisha na kudai pesa yake. Yakiwa ya ujinga, atainunua kwa bei ya takataka na kucheka peke yake. Basi mimi nilikuwa natafuta mtu mwenye jicho. Swali likawa: jicho la mtu unalipimaje ukiwa Jinja, naye hujawahi kumwona?

Nikatengeneza fungu la mtego.

Nilichukua stempu kadhaa za kawaida, nikachanganya na vitu vitatu. Cha kwanza, stempu ya senti tano ya 1935 yenye jahazi la Ziwa Victoria. Stempu hiyo ina aina mbili: katika moja kamba imegusana na tanga, katika nyingine haikugusana. Kwa macho matupu huoni kitu. Ukiweka kioo cha kukuzia, unaona mstari mwembamba kama unywele unaofika kwenye tanga au unaokatikia hewani. Katalogi inazitenganisha, na bei zake pia hutengana. Cha pili, stempu ya thamani kubwa kidogo ambayo mbele ni safi kabisa, lakini nyuma gundi imegeuka kahawia kwa unyevu. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaijua rangi hiyo. Cha tatu ndicho nilichokipenda zaidi: senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward VIII.

Nieleze kidogo hapa, maana hii sarafu imewapoteza wengi. Edward VIII aliacha kiti Desemba 1936 kabla hata ya kutawazwa. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike na watu, na chache zilizopo ni mali ya ajabu. Basi mtu akiona jina "Edward VIII" kwenye sarafu ya shangazi yake anaanza kupanga kununua kiwanja. Lakini sarafu zenye tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu, kwa hiyo zilitolewa na zikatumika kama kawaida. Zipo tele. Mwenye kujua kazi yake anajua hilo kabla hajamaliza kunywa chai.

Fungu hilo nilimpelekea kwanza wakala wa Kampala niliyeelekezwa na shemeji. Ofisi nzuri, vijana wachangamfu. Nikasaini, nikaacha mali, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimepiga picha kila kipande mbele na nyuma. Senti kumi yangu ilikuwa na alama: karibu na ukingo wa tundu kuna kovu dogo, kana kwamba mtu aliwahi kuipigilia msumari.

Tangazo lilipotoka nikaita watoto waje kuona. Kichwa chake kwa herufi kubwa: sarafu adimu mno ya mfalme aliyeacha kiti, mamia ya dola! Na ile picha haikuwa ya sarafu yangu. Tundu lilikuwa safi, duara, bila kovu. Walikuwa wameichukua mahali pengine kwenye intaneti. Stempu yenye gundi mbovu iliandikwa "hali bora kabisa", na nyuma haikupigwa picha. Ile ya jahazi iliandikwa "stempu ya zamani ya mashua", basi. Mitego mitatu, wameingia yote.

Nilinyamaza, nikaacha mnada uishe. Hakuna aliyetaja bei. Kisha ikaja bili: picha, kuweka tangazo, "usimamizi", na pendekezo la kuweka tena kwa malipo mengine. Hiyo ndiyo biashara yao. Wanaishi kwa ada za kuweka, kuuza si shida yao. Nilipokwenda kuchukua mali yangu nikaambiwa nilipe kwanza ada ya kurudisha. Nikafungua simu, nikawaonyesha picha ya kovu langu na picha yao isiyo na kovu, nikawauliza wateja wangapi wameuziwa picha. Yule mkubwa akasema, "Mzee, tusifike huko." Nikaondoka na fungu langu lote, bila kulipa. Nauli ya taksi ya kurudi Jinja niliiona tamu siku hiyo.

Fungu lilelile nikamtumia wakala mwingine, mtu mmoja tu huko Uingereza anayeshughulika na Afrika ya kikoloni peke yake. Nilimpata kwa kusoma maelezo ya vitu alivyokwisha kuuza, na hii ni njia ninayowaambia wote: usisome sifa anazojisifu, soma alivyoandika kuhusu kitu chenye kasoro. Kabla hajaweka tangazo lolote alinitumia barua pepe ndefu yenye maswali. Je, najua kwamba kamba ya jahazi langu imegusana na tanga? Je, stempu yenye gundi ya kahawia ilikaa karibu na maji, na zipo nyingine za namna hiyo? Kuhusu senti kumi akaandika kwa heshima kwamba haifai kuuzwa peke yake, nimtumie sarafu nyingine zenye tundu ziwe fungu moja. Nilisoma barua ile mara mbili nikampigia dada yangu aliye Tororo: "Huyu ndiye."

Masharti yake yalikuwa rahisi. Kitu kisipouzwa, halipwi. Kikiuzwa anakata asilimia yake, ambayo si ndogo, lakini kila karatasi ya hesabu ilionyesha bei ya mwisho, makato ya tovuti, makato yake, posta, na kilichobaki kwa pauni. Mnunuzi akishinda asilipe, hasara ya kuweka upya ni yake, si yangu. Hilo nililitaka kwa maandishi, nawe lidai kwa maandishi. Pesa ilikuja benki moja kwa moja, na benki ikamega chake kwenye kubadilisha fedha, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Omba akusanyie malipo ya mafungu kadhaa ndipo atume kwa pamoja.

Vile vipande vizuri zaidi, yeye mwenyewe alinishauri visipite kwake bali viende kwenye nyumba ya mnada London. Wakala anayekataa kamisheni kwa manufaa yako, mshike mkono. Huko mambo ni mengine: unakubaliana bei ya chini ambayo haitauzwa pungufu yake, unauliza bima ni ya nani, na unakumbuka kwamba mnunuzi naye anatozwa nyongeza ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho mnadani. Anayenunua ameshaipigia hesabu nyongeza hiyo kabla ya kutaja dau, kwa hiyo kwa kweli inatoka kwenye bei yako.

Kuna mtu atakuja kukuambia ana stempu za kauri za Uganda, yaani kauri zile simbi za baharini zilizotumika kama fedha. Zile zilipigwa kwa mashine ya taipu pale Mengo mwaka 1895 na mmisionari Ernest Millar, thamani yake ikihesabiwa kwa kauri. Ni stempu halisi, maarufu duniani, na kwa sababu ni herufi za taipu tu kwenye karatasi, za kughushi zimejaa. Wakala atakayekubali kuziuza bila cheti cha wataalamu, kama kamati ya Royal Philatelic Society London, mkimbie yeye pamoja na stempu zake.

Kutuma: nilitumia Posta, kwa rejista, na kila bahasha ina namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha UG. Piga picha ya namba hiyo hapohapo dirishani. Kwenye fomu ya forodha usiandike "vitu vya zamani". Andika stempu za wakusanyaji, namba ya forodha 9704, au sarafu za wakusanyaji, 9705. Uingereza hutoza vitu hivyo kodi ya kuingiza ya asilimia 5 badala ya 20, lakini afisa hawezi kubahatisha kilichomo ndani. Stempu tuliziweka kati ya kadi mbili ngumu, ndani ya plastiki, na sarafu kila moja mfuko wake zisigongane.

Katika sanduku la baba kulikuwa pia na kisu cha barua chenye mpini wa pembe ya ndovu. Watu walinisonga nikiuze. Hapana. eBay ilikataza pembe tangu mwanzoni mwa 2009, na kuivusha mpaka bila kibali ni kosa la jinai. Vitu vingine vya kale vya nchi yetu vinalindwa na sheria pia, kwa hiyo ukiwa na ngoma, kiti cha kichifu au kitu cha namna hiyo, nenda kaulize Makumbusho ya Uganda pale Kitante kabla ya kuulizia bei.

Zimebaki noti za Amin. Hizo ndizo kila mtu Kampala anadhani ni mamilioni, na kuna matapeli wanaoieneza imani hiyo ili wakuuzie "mteja wa Dubai" kwa ada ya usajili. Zilichapwa kwa wingi, na zilizochakaa zinauzwa dola chache tu. Zisizowahi kukunjwa ndizo zina nafuu. Kumpa wakala noti ya dola tatu ni kumnyima chakula yeye na wewe, kwa hiyo hizi ninaziuza mwenyewe kwa programu, mafungu madogo, kila picha ikionyesha mikunjo yote. Minada yangu huisha Jumapili saa mbili usiku ya London, wakati watu wako nyumbani. Kwetu hiyo ni saa tano usiku majira ya baridi yao, na saa nne majira ya joto. Programu inafunga yenyewe, mimi nimeshalala. Asubuhi ninafungua simu, ninachapa lebo za waliolipa, na boda anapeleka bahasha Posta kabla jua halijawa kali.