Nonno si nono: nilivyozipata konsonanti ndefu za Kiitaliano

Kila nikitaja babu yangu, nonno, mwalimu alisikia nono, yaani "wa tisa". Palla (mpira) nayo ikawa pala, sepetu. Miezi miwili hivyo!

Kwanza niliikandamiza ile konsonanti inayoandikwa mara mbili kwa nguvu, nikaonekana nagomba. Kisha nikaweka kituo katikati, non… no, yakawa maneno mawili.

Ndipo nikarekodi fato (majaliwa) na fatto (tendo), zangu na za mwalimu, nikazifungua kwenye Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti. Kwenye fatto yake ulimi unaziba, kimya kinakaa, halafu o inatoka. Lakini kilichonishtua ni ile a iliyotangulia: fupi, imekatwa. Kwenye fato ndiyo inavutwa. Mimi nilikuwa navuta zote, kwa sababu Kiswahili hurefusha kidogo irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho.

Basi nikaacha kuhangaika na konsonanti, nikaikata irabu kwanza. Kwa nonno nikaazima n ya "nne", maana ile tunaishikilia tangu utotoni: no, kata, kaa kwenye n, achia. Juzi nimemtaja babu, mwalimu akaniuliza ana miaka mingapi.