Kusubiri Mbalamwezi

Vijiji vya nchi kavu havikutusumbua. Balozi alipita nyumba kwa nyumba, watu wakaja, madodoso yakajazwa. Utafiti wetu wa kichocho ulikwama kwa wavuvi wa dagaa, kwenye makambi ya upande wa Ukerewe, Ziwa Victoria.

Mvuvi wa dagaa hafanyi kazi kwa kalenda ya ofisi. Anaingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta dagaa. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa haifui dafu. Dagaa wakihama, naye anahama, na orodha ya kaya uliyoiandaa inabaki karatasi tu.

Siku ile tulifika mwaloni mitumbwi imeshapakua. Akina mama walikuwa wakianika dagaa mchangani, wavuvi wamelala vibandani, miguu imetokeza nje ya turubai, bado ina tope. Nilimwamkia mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, nikaomba atuamshie vijana.

“Mwanangu,” akasema, “ukiwaamsha hawa watakujibu ndiyo kwa kila swali ili wakalale. Njoo mbalamwezi.”

Alisema kweli. Isitoshe, tulihitaji choo cha kila mtu kwenye kikopo kwa ajili ya kupima mayai ya kichocho, na hicho hukipati kwa mtu anayesinzia.

Lakini kurudi maana yake ni kukodi mtumbwi upya, petroli, nahodha, posho za wadodosaji. Mhasibu mjini Mwanza aligawanya gharama kwa idadi ya madodoso, akauliza kwa nini tusijazie na watu wa vijiji vya jirani. Nilikataa, na mpaka leo nakataa. Anayeshinda majini penye konokono wa kichocho ni huyu mvuvi. Ukimwacha, ugonjwa utaonekana mdogo, na dawa zitaendelea kugawiwa shuleni, ambako yeye hayupo.

Tulirudi mbalamwezi, safari hii na kuponi. Kila aliyehojiwa alipewa tatu za kuwapa wenzake. Alilipwa kwa muda wake, na tena kwa kila mwenzake aliyefika. Mbinu hiyo iliandikwa na Douglas Heckathorn wa Marekani mwaka 1997. Kijana mmoja aliwaleta wenzake wa mtumbwini, nao wakawaita wa kambi ya pili ambayo hatukuijua kabisa. Kuponi nazo zina gharama yake: lazima mtu akae mwaloni siku nzima akizipokea, na wapo waliojifanya wavuvi kwa ajili ya hela. Mwenyekiti aliwauliza macho ya nyavu zao yana ukubwa gani, wakaondoka.

Bajeti iliyofuata niliiandikia fungu la kusubiri mbalamwezi. Walilikata nusu. Niliandika barua kulidai, nikaambatanisha majibu ya vipimo vya wavuvi na ya wanavijiji, kila kundi kwenye ukurasa wake.